Je, Wajua? Kahawa Ina Mnada, Alizeti ya Singida Ina Nini?

Je, wajua kwamba mji wa Singida umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, sawa na vihamba (mashamba ya nyumbani) vingi vya kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro? Kwa mwinuko peke yake, Singida ingekuwa nchi ya mibuni. Kinachokosekana ni maji. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima huwa kati ya milimita 500 na 800. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu, na mbuni hauwezi kuvumilia nusu mwaka bila tone.

Je, wajua kwamba alizeti huzamisha mzizi wake mkuu hadi kina cha mita 2 kutafuta unyevu? Ndiyo maana Iramba, Mkalama, Ikungi na Singida Vijijini hugeuka manjano mvua zinapoelekea ukingoni, wakati mahindi ya jirani yameshaanza kujikunja majani.

Leo tunaiweka alizeti bega kwa bega na kahawa, na tuna sababu. Kahawa ni zao ambalo dola katika nchi hii imelishika mkono kwa takribani miaka 100, kwa mema na kwa makosa. Alizeti ndiyo inayolipa ada za shule na kununua mabati kwa familia nyingi za Wanyaturu na Wanyiramba. Mkulima wa Singida ana haki ya kujua mwenzake wa Moshi na Bukoba alipewa nini, ili ajue cha kudai.

Tuanzie mwanzo.

Je, wajua kwamba wamisionari Wakatoliki ndio walioipanda kahawa Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19? Walowezi wa Kizungu wakaitaka iwe mali yao peke yao. Lakini mtawala mmoja wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga walime, na mwaka 1925 wakulima wazawa wakaanzisha chama chao, KNPA. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU, ambacho kipo hadi leo.

Je, wajua kwamba wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima kahawa? Ruhusa ilianza kutolewa kidogokidogo katika miaka ya 1930, na mlango ulifunguka kwa upana baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wakoloni walewale, sera mbili tofauti, na kwa sababu hiyo maisha mawili tofauti. Anayesema sera ni maneno ya makaratasi, aliangalie jambo hili.

Je, wajua kwamba mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro waliyashambulia maghala ya ushirika wao wenyewe? Bei ilikuwa imeanguka na sheria iliwalazimisha kuuza kupitia KNCU pekee. Ushirika wa kulazimishwa bila bei nzuri huzaa hasira. Somo hilo lilisahauliwa, kwa sababu mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini na kazi yao ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha.

Je, wajua kwamba kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, wilayani Hai, kilianzishwa mwaka 1934? Kabla hata ya Vita Kuu ya Pili, zao la kahawa lilikuwa na wataalamu wake wanaokaa shambani. Mwaka 2000 ikaundwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, hapohapo Lyamungo, ikiendeshwa kwa mchango wa wadau wa zao lenyewe.

Na kazi yake inaonekana kwa macho. Mibuni ya zamani ya Arabika ilikuwa ikiteswa na magonjwa mawili: chulebuni, ambao huozesha matunda yakiwa bado mabichi, na kutu ya majani, ambayo huacha unga wa rangi ya chungwa nyuma ya jani. Mkulima alibeba bomba la dawa mgongoni msimu mzima, na gharama ya dawa ikala faida. TaCRI ikatoa aina mpya zinazostahimili magonjwa yote mawili. Mti ukijikinga wenyewe, fedha ya dawa inabaki mfukoni. Huo ndio msaada ninaouheshimu kuliko mingine: hauhitaji kugawiwa upya kila mwaka.

Je, wajua kwamba utafiti wa mbegu za alizeti unasimamiwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga, ambacho kiko Kilosa mkoani Morogoro? Ni kituo chenye kazi kubwa na watafiti wenye bidii. Ila mkoa ambao jina lake limekuwa kama chapa ya mafuta ya alizeti nchini unafuata mbegu zake za utafiti mkoa mwingine.

Tukae kidogo kwenye mbegu, maana hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Je, wajua kwamba aina ya Record, inayojulikana na karibu kila mkulima wa Singida, ni mbegu ya zamani ambayo mkulima anaweza kuihifadhi na kuipanda tena? Huo ni uzuri wake. Tabu ni kwamba alizeti huchavushwa na wadudu, na nyuki haulizi mpaka wa shamba. Mkulima akirudia kupanda mbegu yake mwaka hadi mwaka, ikichanganyika na ya jirani, kichwa kinapungua, punje zinakuwa pepe, na mafuta yanashuka. Chotara hutoa mazao mengi zaidi, lakini bei yake ni kubwa na kila msimu lazima inunuliwe upya.

Hapo ndipo serikali ilipoingia. Mwezi Juni 2021 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana na wadau wa alizeti mjini Singida. Mikoa mitatu, Singida, Dodoma na Simiyu, ikawekwa mbele kuwa ya kimkakati kwa zao hili. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, ukapewa jukumu la kuzalisha mbegu zilizothibitishwa na kuzifikisha kwa mkulima kwa bei ya ruzuku.

Je, wajua sababu ya haraka hiyo? Takwimu za serikali za wakati huo zilionyesha kuwa nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na inazalisha tani 205,000 tu. Pengo la tani 365,000 lilikuwa likizibwa kwa fedha za kigeni, sehemu kubwa ikienda kununua mawese ya Malaysia na Indonesia. Kwa hiyo mwanamke anayekaanga maandazi Mtinko au Shelui, katikati ya mashamba ya alizeti, anaweza kabisa kuwa anatumia mafuta yaliyovuka Bahari ya Hindi.

Je, wajua kwamba mbuni huchukua kama miaka 3 kutoka mche hadi mavuno ya kwanza, na alizeti huchukua miezi 3 hadi 4? Tofauti hiyo hubadilisha kabisa maana ya msaada. Mkulima wa kahawa anahitaji uvumilivu wa serikali: miche, mtaalamu na mkopo wa muda mrefu. Mkulima wa alizeti anahitaji serikali isiyochelewa. Mbegu ya ruzuku ikifika Januari mwishoni, mvua imeshakwenda nusu, na ruzuku hiyo imegeuka hasara.

Hapa ndipo nataka msomaji asimame nami.

Je, wajua kwamba bajeti ya serikali husomwa bungeni katikati ya Juni, na alizeti ya Singida huvunwa kuanzia Mei hadi Julai? Ushuru wa mafuta kutoka nje ndio unaoamua bei ya alizeti kuliko jambo lolote lingine. Ukiwa mkubwa, mwenye kiwanda anatafuta mbegu za ndani. Ukiwa mdogo, anaagiza mafuta ghafi bandarini na mkulima anabaki na magunia. Mkulima anapanda Desemba bila kujua ushuru utakuwaje, anapalilia, anavuna, kisha anasikia redioni uamuzi uliofanyika wakati jasho lake limeshamwagika.

Yametokea. Kwenye bajeti ya 2018/19 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa mafuta yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Wakulima wakapata moyo. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo zinazoongoza duniani kwa alizeti. Bei ya mafuta ikaruka kila mahali, na serikali ikalegeza kodi ili kumnusuru mlaji. Mlaji alikuwa anaumia kweli, sina ubishi. Lakini bei ya alizeti iliporomoka msimu wa 2023, mikoa ya kati ikalia, na kilio kikafika bungeni. Wengi walikuwa wameongeza mashamba kwa sababu tu wameambiwa waongeze.

Msimamo wangu ni huu: ushuru wa mafuta ya kula utangazwe Oktoba au Novemba, kabla ya jembe kugusa udongo, na usiguswe hadi mavuno yameuzwa. Hilo halihitaji mfadhili wala mkopo. Linahitaji kalenda.

Je, wajua jinsi kahawa inavyopata bei? Mkulima anapeleka kahawa ya maganda kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Inapimwa, anapewa malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa, inapangwa kwa madaraja, sampuli zinafika kwa waonjaji. Mwonjaji anakaanga punje, anasaga, anamimina maji ya moto, anavuta kijiko kimoja kwa kishindo kinachosikika chumba kizima, anatema, na kuandika alama. Alama hizo zinakwenda na shehena hadi mnadani, ambako Moshi imekuwa jina kubwa kwa miongo mingi. Kahawa ikipata bei ya juu, mkulima anastahili malipo ya pili. Njia hii ina mianya yake na malipo ya pili yamewahi kuchelewa mno, lakini kuna mahali ambapo ubora unaonekana na kulipwa.

Alizeti, kwa sehemu kubwa, huuzwa nyumbani, gulioni au mlangoni pa mashine. Kipimo mara nyingi ni debe au gunia. Fikiria maana yake: punje iliyojaa mafuta na punje pepe hujaza debe sawasawa. Mkulima aliyenunua mbegu bora na yule aliyeokota ya ghalani wanapata bei moja. Soko la namna hii linaiadhibu mbegu ile ile ambayo serikali imetoa fedha kuisambaza. Mizani ingetosha kuleta mabadiliko, kwa kuwa mbegu nzuri ni nzito.

Je, wajua kwamba lumbesa, gunia lililoshonewa kichwa juu, ni kosa kisheria? Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Wanaouza vitunguu katika soko la Misuna, Singida, wanaijua lumbesa vizuri kuliko mtu yeyote.

Je, wajua kwamba Kagera wana jina la ulanguzi wa kahawa ikiwa bado mtini? Wanaita butura. Mkulima mwenye shida, mtoto anaumwa au shule zinafunguliwa, anauza maua ya mibuni kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anavuna baadaye. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie AMCOS, na kuukata mnyororo huo ilikuwa sababu mojawapo. Singida nako kuna mkulima anayechukua fedha Februari kwa ahadi ya magunia ya Juni. Dawa ya kudumu ya tatizo hili ni mkopo mdogo wenye riba ya kibinadamu. Katazo peke yake huifanya biashara hiyo ihamie usiku.

Je, wajua kwamba Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005? Mkulima anapeleka mazao ghalani, yanapimwa kwa kilo, anapewa stakabadhi, na wanunuzi wanashindana mnadani. Korosho ndiyo iliyoupa mfumo huu umaarufu. Siku hizi ufuta, dengu, choroko na mbaazi vimo, na mkulima wa Singida analima vyote hivyo. Kelele huwa nyingi msimu wa kwanza kila mahali mfumo unapoingia, kwa kuwa mkulima aliyezoea kushika fedha papo hapo anaambiwa asubiri. Wasimamizi wakilipa ndani ya siku walizoahidi, kelele huisha.

Tukimbie kidogo.

Je, wajua kwamba bajeti ya 2017/18 ilifuta tozo 17 za kahawa kwa mkupuo?

Je, wajua kwamba mwaka huohuo ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa ya chakula? Mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hapaswi kutozwa kabisa. Likumbuke hilo kwenye kizuizi cha barabara.

Je, wajua kwamba bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka 2022/23, na kupita Sh trilioni 1.2 mwaka 2024/25?

Je, wajua kwamba Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani? Kwa kata za Singida, ambako kijiji na kijiji ni mwendo mrefu wa vumbi, pikipiki ni nusu ya ugani. Nusu ya pili ni mafuta ya kuiendesha.

Je, wajua kwamba lengo la taifa lilikuwa kufikisha tani 300,000 za kahawa ifikapo katikati ya muongo huu, na uzalishaji kwa miaka mingi umebaki chini ya tani 100,000? Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa hiyo inatoka kwa wakulima wadogo. Nchi yenye utafiti, bodi, mnada na ushirika bado inahangaika kufika. Alizeti isitarajiwe kufika kwa mbegu peke yake.

Je, wajua kwamba Februari 2025 bei ya Arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, rekodi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana? Ukame wa Brazil ulichangia sana. Mwezi huohuo nchi za Afrika zinazolima kahawa zilikutana Dar es Salaam. Wenye kumbukumbu ndefu hawakusahau Julai 1989, pale mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo ya kahawa ulipovunjika na bei ikaanguka vibaya.

Je, wajua kwamba Manyoni sasa inalima korosho? Shamba la pamoja la Masigati limewavuta wakulima hata kutoka nje ya mkoa. Wilaya hiyo ina vichaka vya Itigi, uoto wa aina yake wa vichaka vilivyosongamana ambao haupatikani sehemu nyingi duniani, na kila ekari ya kufyeka inastahili kufikiriwa mara mbili.

Sababu mojawapo ya kufikiri mara mbili ni nyuki. Kichwa kimoja cha alizeti ni mamia ya maua madogo, kila ua likitoa punje moja likichavushwa. Singida ni mkoa wa asali, na Aghondi, Manyoni, kuna eneo lililotengwa kwa ajili ya ufugaji nyuki. Mizinga karibu na shamba la alizeti ni pembejeo kama mbolea. Ingefaa iingie kwenye orodha ya ruzuku, tena mapema.

Je, wajua thamani iliyomo kwenye mashudu? Simama mlangoni pa mashine ya kukamua. Punje zinamiminwa juu, chuma kinalia, mafuta yanachuruzika upande mmoja yakiwa na povu na weusi wa maganda, na upande wa pili mashudu yanatoka vipande vipande, ya moto, yenye harufu ya karanga za kukaanga. Mafuta yanaachwa kwenye pipa yatulie, kisha yanatiwa kwenye madumu unayoyaona yamepangwa kando ya barabara kuu. Mashudu ni chakula bora cha ng'ombe na kuku, na yana soko hadi nje ya nchi. Mkulima anayeuza punje gulioni anauza mafuta na mashudu kwa pamoja, lakini bei anayotajiwa ni ya mafuta tu. Kikundi chenye mashine yake kinauza vyote viwili. Ukiniuliza fedha ya mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana iende wapi Singida, jibu langu ni hapo.

Mwisho, je, wajua kwamba mbolea ya ruzuku, iliyozinduliwa Nane Nane ya 2022 jijini Mbeya, si ya mahindi peke yake? Serikali ilitenga Sh bilioni 150, na mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa umepita Sh 120,000 ukauzwa Sh 70,000. Anayestahili ni mkulima aliyesajiliwa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au ofisa ugani kabla ya mvua, ukiwa na namba ya simu unayoitumia mwenyewe, taja ukubwa halisi wa shamba na mazao unayolima, na hakikisha alizeti imeandikwa. Ukibadilisha laini ya simu au kuongeza ekari, rudi ukahuishe taarifa zako, kwani ujumbe wa ruzuku hutumwa kwenye namba iliyomo daftarini.